Viumbe Waliojificha Ndani ya Miche ya Tishu Kalcha: Mwongozo Kamili kwa Maabara Ndogo na Vitalu vya Magharibi mwa Kenya na Nakuru

Chupa zilikuwa 46, zote za ndizi aina ya Grand Naine iliyokuzwa kwa tishu kalcha, yaani kutoka vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa zilizofungwa, na zote zilikuwa zimepita mizunguko mitano ya kukatwa na kuhamishwa bila doa hata moja. Siku ya tisa ya mzunguko wa sita niliinua chupa moja kuelekea dirishani, nikaona chini ya shina, ndani ya aga (chakula cha miche kilichogandishwa), wingu jeupe hafifu kama tone la maziwa lililodondokea kwenye maji. Kufikia wiki iliyofuata chupa 31 zilikuwa hivyo. Katika maabara hiyo ndogo ya Kisumu lawama ziliangukia binti aliyeikata miche ile. Aliambiwa hakunawa mikono vizuri, akaondolewa kwenye chumba cha kukatia. Nilipofungua daftari la nasaba nikaona kwamba chupa zote 31 zilitokana na chipukizi moja tu, lililochimbwa katika shamba la Vihiga miezi minane kabla, na zile 15 zilizobaki safi zilitoka kwa machipukizi mengine, ingawa zilikatwa na mikono ileile, siku ileile, kwa kisu kilekile. Bakteria wale hawakuingia maabara kwa mikono ya mtu. Waliingia ndani ya mmea wenyewe, wakatulia humo muda wote huo.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu makosa ya namna hiyo bado yanatendeka, na hasara yake ni kubwa: miche hutupwa bila sababu, watu huonewa, na wakati mwingine, jambo ambalo ni baya zaidi, miche yenye ugonjwa hupelekwa kwa mkulima ikiwa na sifa ya usafi. Chupa isiyo na ukungu si chupa tupu. Kabla ya kuamua kutupa, kutibu au kutunza, ni lazima kujua ni nani anayeishi ndani ya mche, na hilo linawezekana hata katika maabara yenye vifaa vichache.

Ni viumbe gani hawa

Wataalamu huwaita endofaiti, yaani viumbe wadogo, hasa bakteria na kuvu, wanaoishi ndani ya tishu za mmea bila kuonyesha dalili ya ugonjwa kwa nje. Jina hilo linahusishwa na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Anton de Bary, aliyeandika kuhusu viumbe hao mwaka 1866. Huishi katika nafasi zilizo kati ya seli na ndani ya mirija ya kupitishia maji, na mara chache ndani ya seli zenyewe. Huingia kupitia nyufa ndogo zinazotokea pale mizizi midogo inapochomoza, kupitia vidonda na matundu ya majani, au hurithiwa tu kutoka kwa mgomba mama kwenda kwa machipukizi yake. Katika ndizi na viazi hupatikana mara kwa mara bakteria wa jamii za Bacillus, Pseudomonas, Enterobacter, Klebsiella, Pantoea na Methylobacterium.

Swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mara ni kwa nini viumbe hao hukaa kimya kwa miezi halafu wakajitokeza ghafla. Jibu liko katika chakula tunachowapa miche. Chakula kilichotungwa na Toshio Murashige na Folke Skoog mwaka 1962, ambacho ndicho tunachotumia hadi leo karibu kila mahali, kilitengenezwa kwa ajili ya mmea: kina chumvi nyingi, kwa kawaida huongezewa sukari gramu 30 kwa lita, na pH yake (kiwango cha uchachu) husawazishwa kwenye 5.7 au 5.8. Bakteria wengi hupendelea mazingira yaliyo karibu na pH 7 na yenye protini iliyovunjwa, kwa hiyo katika aga ile huishi kwa kubana, wakitegemea kile ambacho mmea unavujisha. Mizani hiyo ikivurugika, huongezeka. Mche uliokaa muda mrefu katika chupa moja, tishu zinazogeuka kahawia na kufa, au joto, vyote hufungua mlango. Kisumu tunalijua hili vizuri: stima ikipotea mchana kutwa, chumba cha miche kinachopaswa kuwa na nyuzi 25 hupanda na kupita 30, na siku chache baadaye mawingu huanza kuonekana katika chupa zilizokuwa safi.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kiumbe yuleyule anaweza kuwa rafiki shambani na adui chupani. Bacillus anayesaidia mizizi ya mgomba kupambana na kuvu udongoni, akipata sukari ya chupa anaweza kuzaliana hadi akausonga mche. Hapo tatizo ni mahali alipo na wingi wake. Lakini wapo pia ambao hawana urafiki popote: bakteria wa mnyauko wa migomba, Xanthomonas, bakteria wa mnyauko wa viazi, Ralstonia solanacearum, na kuvu ya mnyauko wa Panama, Fusarium oxysporum ya aina ya cubense. Hao wanaweza kujificha ndani ya mmea usio na dalili yoyote. Kutenganisha makundi haya ndiyo kazi yote iliyo mbele yetu.

Hatua ya kwanza: chagua mama kwa macho na kisu

Usafi huanzia shambani. Chagua mgomba mama uliozaa vizuri, katika shamba ambalo halijawahi kuwa na mnyauko, na usichukue machipukizi siku ya mvua au shamba likiwa na maji yaliyotuama. Kabla ya kuchimba, kata shina la mgomba jirani wa aina ileile na uliangalie. Mgomba wenye Xanthomonas hutoa ute wa manjano kwenye sehemu iliyokatwa baada ya dakika chache, na ndizi zake huiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa na madoa ya kahawia. Mgomba wenye mnyauko wa Panama hautoi ute huo, bali huonyesha mistari au pete za kahawia iliyokaribia wekundu ndani ya shina. Mnyauko wa Xanthomonas uliripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye ukavuka hadi magharibi mwa Kenya, kwa hiyo mtu anayechimba machipukizi Busia, Bungoma au Teso hana budi kuwa mwangalifu maradufu. Ukiona moja kati ya dalili hizo, ondoka shamba hilo bila kuchukua chochote, na uoshe jembe na viatu.

Kwa viazi, kama mnavyolima Molo na Njoro, kata kipande cha shina karibu na udongo na ukitundike katika glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ikiwa Ralstonia yumo kwa wingi, utaona nyuzi nyeupe zikishuka polepole kutoka kwenye shina kama moshi unaoelekea chini. Kipimo hiki hakigundui maambukizi madogo, lakini huzuia makosa makubwa.

Mpe kila mama namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kila chupa itakayotokana naye, mzunguko baada ya mzunguko. Daftari hilo la nasaba halina gharama yoyote, na ndilo lililomwokoa yule binti niliyemtaja.

Hatua ya pili: kuosha na kukata

Osha chipukizi kwa maji ya bomba yanayotiririka na sabuni, ondoa maganda ya nje hadi ubaki na kitovu cha sentimita tatu au nne, kisha kizamishe katika alkoholi ya asilimia 70 kwa muda usiozidi dakika moja. Baada ya hapo tumia haipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 1 hadi 1.5 kwa dakika 15 hadi 20, ukiongeza matone mawili ya sabuni laini ili dawa ishike. Wengi hutumia dawa ya kung'arisha nguo ya dukani. Soma kibandiko kwanza, kwa sababu nguvu hutofautiana na hupungua chupa ikikaa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5 nawe unataka asilimia 1, chukua mililita 100 za dawa na uongeze mililita 250 za maji. Suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa katika otoklevu, yaani chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo.

Maji ya suuzo la mwisho usiyamwage yote. Dondosha kiasi kidogo kwenye sahani ya petri yenye chakula cha bakteria na uiweke pembeni. Ikiota kitu, ujue ngozi ya nje ya mche haikusafishika, na kila utakachokiona baadaye hutaweza kukiita endofaiti kwa uhakika. Wengi huruka kipimo hiki kwa haraka, kisha hubishana wiki nzima juu ya jambo ambalo sahani moja ingelimaliza.

Kata kitovu hadi kifikie ncha ya ukuaji. Kadiri ncha inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa safi, kwa kuwa mirija ya maji bado haijaunganika nayo. Hata hivyo ncha iliyo chini ya milimita moja hufa kwa urahisi, hasa mikononi mwa anayejifunza. Mimi huanza na kipande kikubwa kidogo, kisha katika mzunguko wa pili huchukua ncha ndogo kutoka kwa machipukizi yatakayopita vipimo.

Neno moja kuhusu visu. Alkoholi ya asilimia 70 haiui mbegu (spora) za Bacillus. Mbegu hizo zinaweza kukaa ndani ya alkoholi na kutoka zikiwa hai. Ndiyo sababu kisu kinachochovywa tu katika kopo la alkoholi husambaza bakteria kutoka chupa moja hadi nyingine kana kwamba kilitumwa kufanya hivyo. Choma kisu katika moto hadi kiwe chekundu, au tumia kifaa cha shanga za kioo chenye joto la nyuzi 250, na ubadilishe alkoholi ya kopo kila siku.

Hatua ya tatu: kupima kabla macho hayajaona

Hapa ndipo nataka msomaji atulie zaidi. Aga ya miche si chombo kizuri cha kugundulia bakteria, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Inabidi kuwapa kile wanachokipenda. Chakula kinachojulikana kwa namba 523 ndicho ninachokitegemea: kwa lita moja weka sukari gramu 10, kasini (protini ya maziwa) iliyovunjwa gramu 8, dondoo la hamira gramu 4, fosfeti ya potasiamu (KH2PO4) gramu 2 na salfeti ya magnesiamu gramu 0.15, sawazisha pH kuwa 6.9, ongeza aga ya kugandisha, kisha chemsha katika otoklevu kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Kwa kuvu, tumia chakula cha viazi na sukari ya glukosi.

Wakati wa kuhamisha miche, kata kipande chembamba cha milimita mbili au tatu kutoka chini kabisa ya shina, mahali ambapo bakteria hujikusanya, na ukiburute juu ya sahani upande uliokatwa ukiwa chini. Andika namba ileile kwenye sahani na kwenye chupa. Weka sahani mahali penye nyuzi 28 hadi 30. Wengi hujitokeza ndani ya siku tatu, lakini usitupe sahani kabla ya wiki tatu, kwa maana wapo wanaokua polepole. Methylobacterium, ambaye makundi yake yana rangi ya waridi, huweza kuchelewa hadi umeshamsahau.

Katika mzunguko wa kwanza pima kila mche, bila kuacha hata mmoja, kwa kuwa kila mmoja atakuwa mama wa mamia. Baadaye unaweza kupima sampuli, ila uwe mkweli kuhusu kile ambacho sampuli inakuambia. Ikiwa mche mmoja katika kila 20 una bakteria, utahitaji kupima miche 59 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja. Anayepima miche mitano kati ya elfu moja na kutangaza kwamba kundi lote ni safi anajidanganya, na anamdanganya mnunuzi.

Vipimo vya sahani vina mipaka. Bakteria wengine hawaoti kwenye sahani yoyote, na virusi havionekani humo kabisa. Migomba chotara yenye asili ya Musa balbisiana inaweza kubeba virusi vya mistari ndani ya jeni zake zenyewe, na mchakato wa tishu kalcha unaweza kuviamsha. Viazi vitamu vya Kakamega na Busia navyo vina virusi vyake. Kwa hayo, peleka sampuli kwenye maabara yenye vipimo vya PCR, vinavyotafuta vinasaba vya kiumbe. Hata bakteria uliowaotesha wewe mwenyewe, ukitaka kuwajua kwa jina, njia ya uhakika ni kusoma jeni ya 16S, na kwa kuvu eneo la ITS, sehemu za vinasaba zinazotofautisha aina.

Hatua ya nne: kusoma ramani ya uchafu

Kabla ya kumlaumu mtu au mmea, panga chupa zilizochafuka mezani na uulize zinafanana kwa nini. Uchafu ulio juu ya aga, mbali na mche, kwa kawaida umeletwa na hewa au mikono. Wingu linaloanzia chini ya shina, ndani ya aga, kwenye jeraha la kisu, limetoka ndani ya mche au kwenye kisu chenyewe. Chupa za mfanyakazi mmoja au za siku moja zikichafuka bila kujali namba ya mama, angalia mikono, visu na kabati la hewa safi. Hata chupa zisizo na mche zikichafuka, tatizo ni otoklevu au vifuniko. Nasaba moja ikichafuka huku nyingine zikiwa safi, mwenye kosa yumo ndani ya mmea.

Kisha fanya kipimo kidogo ambacho kila maabara inakimudu. Weka tone la KOH (hidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 3 kwenye kioo, chukua kundi changa la bakteria kwa kijiti cha meno, ukoroge kwa sekunde kumi, halafu inua kijiti polepole. Tone likivutika na kufanya uzi mwembamba wenye kunata, kama utomvu wa bamia, bakteria huyo ni wa kundi la Gramu hasi. Likibaki maji, ni wa Gramu chanya; haya ni makundi mawili makuu ya bakteria, yanayotofautiana kwa ukuta wa seli. Pseudomonas, Enterobacter, Klebsiella na Pantoea huvuta uzi, Bacillus havuti. Jibu hilo moja huelekeza uchaguzi wa dawa, na huashiria kama huenda mbegu sugu zimo katika visu vyako.

Tahadhari pia kwa afya yako. Baadhi ya Klebsiella, Pantoea na Burkholderia wanaoishi ndani ya mimea wanaweza kumdhuru mtu, hasa mwenye kinga dhaifu au kidonda wazi. Usinuse sahani, usizifungue bila sababu, na kila kilichoota kipite katika otoklevu kabla ya kwenda jalalani.

Hatua ya tano: uamuzi

Ikiwa kiumbe ni miongoni mwa wasababishao magonjwa niliyoyataja, au hukuweza kumtambua na miche yake inadhoofika, teketeza nasaba yote. Usijaribu kuokoa sehemu. Najua uchungu wa kutupa kazi ya miezi minane, lakini mkulima wa Nyamira au Subukia anayenunua mche kwa jina la usafi ameweka shamba lake mikononi mwako.

Ikiwa kiumbe si wa ugonjwa na una machipukizi mengine safi ya aina hiyo, tupa pia; kuanza upya ni rahisi kuliko kutibu. Tibu tu pale aina hiyo ni adimu au ni ya mwisho uliyo nayo. Njia ya kwanza ya kutibu ni kisu: chukua ncha ndogo zaidi, katika nasaba iliyokua kwa haraka, ambapo ukuaji umewaacha bakteria nyuma. Dawa ya antibiotiki ije baada ya hapo, kwa uchaguzi uliopimwa kwenye sahani kwa vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa, si kwa kubahatisha. Sefotaksimu hutumiwa kwa miligramu 250 hadi 500 kwa lita, na kwa kuwa joto huiharibu, ni lazima ipitishwe katika kichujio cha mikromita 0.22 na kuongezwa aga ikiwa imepoa. Jentamisini huvumilia otoklevu. Zote zinaweza kudumaza miche, na mara nyingi hupunguza bakteria bila kuwamaliza. Kwa hiyo, mche uliotibiwa usihesabiwe kuwa safi mpaka upite mizunguko mitatu bila dawa, ukipimwa kila mara. Kutia antibiotiki katika chakula cha kila siku kama kinga ni kosa kubwa: huficha tatizo na huzalisha bakteria sugu ndani ya jengo ambamo watu wanafanya kazi.

Hatua ya sita: kuwarudisha marafiki

Mche uliotoka chupani ukiwa mtupu ni kama mtoto aliyelelewa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Majani yake yana nta kidogo, matundu yake hayafungi vizuri, na mizizi yake haijawahi kukutana na kiumbe yeyote. Ukipandwa katika udongo wenye minyoo wanaochimba mizizi wa aina ya Radopholus similis au fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, hauna mlinzi. Ndiyo sababu watafiti, wakiwemo waliofanya kazi hapa Kenya na Uganda, wamejaribu kuirudishia miche ya ndizi aina za Fusarium oxysporum zisizosababisha ugonjwa, zilizopatikana ndani ya migomba yenye afya, ili zipunguze minyoo hao. Kwa viazi, mfano unaofahamika zaidi ni bakteria PsJN, ambaye sasa huitwa Paraburkholderia phytofirmans. Alipatikana katika mizizi ya kitunguu, na alipoingizwa katika miche ya viazi ya chupani, miche hiyo ikawa na mashina imara na mizizi mingi zaidi.

Usichukue kiumbe usiyemjua, hata kama amekua vizuri kwenye sahani yako, ukamwingiza katika miche ya kuuza. Tumia aina iliyotambuliwa kwa jeni, na ikiwa ni bidhaa ya dukani ya kudhibiti wadudu au magonjwa, hakikisha imesajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia bidhaa hizo, PCPB. Kuleta kiumbe hai kutoka nje ya nchi bila kibali ni kosa, na KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza.

Wakati mzuri wa kuwaingiza ni siku ya kutoa miche chupani, kwa sababu hapo sukari haipo tena. Osha aga yote kwenye mizizi kwa maji ya vuguvugu, kwa upole, hadi kidole kisisikie utelezi wowote. Aga iliyobaki ni karamu ya ukungu. Andaa mchanganyiko wa bakteria wenye seli milioni 10 hadi 100 kwa kila mililita, au wa kuvu wenye mbegu milioni moja kwa mililita zilizohesabiwa kwa kioo cha kuhesabia chini ya hadubini. Zamisha mizizi peke yake kwa nusu saa au zaidi, mahali penye kivuli, kisha panda mara moja katika udongo uliopikwa kwa mvuke wa nyuzi 80 kwa nusu saa na kuachwa upoe. Wenzetu wa Nakuru wana bahati ya kuwa karibu na mawe mepesi ya volkeno, ambayo yakisagwa na kuchanganywa na udongo hupitisha maji vizuri.

Gawa miche katika makundi matatu: waliopata viumbe hai, waliopata viumbe hao baada ya kuuawa kwa joto, na waliozamishwa katika maji tu. Kundi la pili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mabaki ya chakula na ya seli zilizokufa yanaweza kuunawirisha mche, nawe ukadhani ni kazi ya kiumbe hai. Panga makundi kwa kuchanganya mahali kitaluni, ili kivuli cha mti mmoja kisije kikakupa jibu la uongo.

Hatua ya saba: kitaluni

Kwa wiki mbili za mwanzo funika miche kwa nailoni inayobana unyevu, chini ya kivuli, kisha ufungue kidogo kidogo hadi wiki ya nne au ya sita. Kisumu nailoni hugeuka jiko ifikapo saa sita mchana, kwa hiyo ongeza kivuli na unyunyizie maji juu ya nailoni. Molo tatizo ni baridi ya usiku, na miche huchelewa.

Ukishaweka viumbe hai, dawa zako za kawaida huwa adui yao. Kumwagilia dawa ya kuvu kwenye udongo huweza kuua kuvu uliyoiweka kwa gharama, na shaba huwadhuru bakteria. Ikiwa umeongeza kuvu za mikoriza, zinazosaidia mizizi kufyonza virutubisho, punguza mbolea ya DAP, kwa kuwa fosforasi nyingi huufanya mmea usizipokee.

Baada ya wiki sita hadi nane, chagua miche michache kutoka kila kundi, osha mizizi, isafishe kwa haipokloraiti kama ulivyofanya mwanzo, gusisha mizizi iliyosafishwa juu ya sahani moja ili kuthibitisha kwamba nje ni safi, kisha ikate na kuiweka kwenye sahani nyingine. Kiumbe uliyemweka akijitokeza katika sahani ya pili na asionekane katika ya kwanza, ameingia na anaishi humo. Asipojitokeza, usiuze miche hiyo kwa jina lake, hata kama imenawiri. Miche ikifika urefu wa sentimita 30 hivi, iko tayari kwenda shambani, na kila mnunuzi apewe namba ya nasaba ya miche aliyochukua, ili siku mgomba wake ukinyauka, yeye nawe mfungue daftari ukurasa uleule.